Nilisema Futa, Sikuinua Kichwa

Mwanangu Nyemo,

Umetoka kwenda Makole kumuaga shangazi yako, na mimi namjua shangazi yako, hakuachii kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukuandikia. Begi lako nimeshalifunga. Habari za chandarua, dawa za tumbo na kuhakikisha mlango umefungwa hutazikuta humu, maana nimekuimbia hizo wiki nzima mpaka juzi ukaniuliza kama nakupeleka vitani. Ninalotaka kukuandikia ni jambo moja, na nimelikwepa miaka minne.

Ulipopata barua ya ajira ulinisomea kwa sauti pale jikoni. Afisa TEHAMA, halmashauri ya huko Ruvuma. Ukafika walipoorodhesha majukumu, ukasoma "kusimamia folda za pamoja na ruhusa za watumiaji," ukacheka. Ukasema, "Mama, yaani nimesoma miaka yote hiyo nikawe mlinzi wa folda!" Nami nikacheka, halafu nikaenda uani nikajifanya naanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi. Ukanikuta nimesimama nimezishika, ukasema, mama unazeeka. Sikuwa nazeeka, nilikuwa nimemkumbuka Mwajuma.

Mama Mdogo Mwajuma unamkumbuka vizuri. Katibu muhtasi wetu, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye kila akitoka kwao Kolo alikuletea mafuta ya alizeti, na kila Idd tulikula pilau kwake mpaka ukasinzia mkekani. Alipoacha kuja uliniuliza. Nikakwambia mkataba wake umeisha, amerudi kwao. Ukauliza tena siku ya Krismasi, nikakukaripia kwamba watu wazima wana mambo yao. Hukuuliza tena. Mkataba wake kweli haukuongezwa, lakini haukuongezwa kwa sababu yangu, na leo nakueleza ilivyokuwa.

Mimi kazi nilijifunzia kwenye masjala ya karatasi. Kulikuwa na kaunta ya mbao, na hakuna aliyeivuka, awe mkubwa awe mdogo. Ukitaka jalada unaandika jina lako kwenye rejesta, unasaini, unalirudisha. Na kuliteketeza jalada ilikuwa shughuli: orodha, kamati, sahihi tatu, ndipo moto. Tulikuwa tunanung'unika kila mara, tunasema huu urasimu utatuua. Leo ningeupigia magoti.

Zikaja kompyuta na folda ya pamoja, kila mtu anaiona akiwa mezani kwake. Bwana Ezra wa TEHAMA, yule uliyekuwa unamcheka kwa miwani yake iliyofungwa waya, akaja kukaa na mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkuu wa masjala. Akaniambia, "Mama, humu kuna ruhusa za aina tatu. Kusoma, kuongeza na kurekebisha, halafu kufuta. Hizo mbili za mwanzo tuwape watu. Hii ya kufuta awe nayo mtu mmoja, wakizidi wawili basi. Kitu kikifutwa humu hakiendi kwenye lile pipa la taka unaloliona kwenye kompyuta yako. Ndiyo kimeondoka." Nikamwambia sawa. Tukaandika jina langu na lake. Nilifurahi, nisikufiche. Niliona nimerudishiwa kaunta yangu.

Furaha yenyewe haikumaliza mwezi. Mzee Lameck, mkuu wa idara, alikosea barua yake akataka kuifuta, kompyuta ikamkatalia. Akaja masjala kwa miguu yake, kitu ambacho hakuwa anakifanya. Akasimama mbele ya watu wote.

"Mama Nyemo, yaani mimi niandike maombi kwako ili nifute barua yangu mwenyewe?"

"Hapana mzee, ni utaratibu tu ambao..."

"Utaratibu wa nani?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Wewe unajua kwetu mkubwa hanyimwi kitu mbele za watu. Umelelewa hivyo, na aliyekulea ni mimi. Mchana ule ule nikampigia Ezra, nikamwambia mzee apewe. Akapewa. Wiki iliyofuata wakuu wa vitengo wakauliza, kama mzee amepewa, sisi je? Wakapewa. Nao wakawapa makatibu wao maneno yao ya siri, na Mwajuma akapewa la Mzee Lameck mwenyewe, likaandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa pembeni ya kioo. Waliobaki wakaanza kuninunia, chai wananywa bila kuniita. Ezra akaja kuniuliza afanyeje. Nikamjibu, "Fungua wote, tuishi kwa amani." Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi niandikie, mama." Nikamwambia asinisumbue. Akafungua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakufanya kazi ofisini kwetu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu lililovunjika likawa la Mwajuma.

Wakati huo ofisi ilikuwa inasimamia kuhamisha makaburi ya kijiji kimoja upande wa njia ya Msalato, ili barabara ipite. Yalikuwa makaburi ya zamani ya Wagogo wenzetu, mawe yamepangwa, basi. Hayana msalaba, hayana jina. Aliyeyajua yote alikuwa Mzee Chilewa peke yake. Alitembea na wenzetu wa ofisini siku mbili na fimbo yake, akionyesha: huyu ni fulani, huyu mkewe wa pili, hawa mapacha. Kila kaburi likapigiliwa kigingi cha namba, namba na jina vikaandikwa kwenye madaftari, na mzee mwenyewe akarekodiwa kwa simu. Vyote vikaingizwa kwenye folda iliyoitwa MAKABURI. Mabaki yakahamishwa ndani ya visanduku, yakazikwa upya, na juu ya kila kaburi pakawekwa kipande cha zege chenye namba ile ile, majina yakimsubiri fundi wa vibao.

Yale madaftari niliyateketeza mimi. Tuliambiwa tunaachana na karatasi, nakala ipo kwenye folda. Nilifuata utaratibu wote, orodha, kamati, sahihi tatu. Moto wenyewe niliusimamia nikiwa nimefunga kitambaa puani. Mzee Chilewa alifariki masika yale yale, na ofisi ikapeleka ubani.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Ijumaa. Nafasi kwenye folda ilikuwa imejaa, wakaguzi wanakuja Jumatatu, na Mzee Lameck ameagiza kila kitengo kisafishe chake. Mwajuma alikaa upande wa pili wa ubao unaotenganisha meza zetu. Nikamsikia, "Mama Nyemo, hapa kuna MAKABURI na kuna MAKABURI MPYA. Hii ya zamani niifute?"

Mimi nilikuwa kwenye simu. Kulikuwa na sherehe ya kumfunda binti wa jirani, na kwenye kikundi chetu tunabishana rangi ya vitenge, wengine zambarau wengine kijani. Nikasema, "Futa, si mpya ipo."

Akauliza tena. "Una hakika, dada? Hii ya zamani ni nzito."

"Mwajuma, futa bwana, tutoke."

Sikuinua kichwa. Ningesimama ningeona skrini yake, ilikuwa hatua tatu. Ile mpya ilikuwa na fomu tupu na picha za eneo jipya, basi. Ya zamani ndiyo iliyokuwa na Mzee Chilewa na majina yote. Tukatoka, tukanunua ndizi pale getini, yeye akashika njia yake na mimi yangu. Kitenge kikawa cha zambarau.

Tuligundua baada ya miezi minne, fundi wa vibao alipokuja kuomba majina. Ezra alikesha siku tatu. Kulikuwa na nakala ya akiba, lakini nakala ile huandikwa upya juu ya ile ya mwezi uliopita, kwa hiyo ilikuwa imetunza kwa uaminifu kabisa folda isiyokuwa na kitu. Simu zilizorekodi zilikuwa zimeshasafishwa. Ndugu waliohudhuria siku ya kuhamisha wakaja, wakaonyesha wafu wao, wakapata vibao. Makaburi kumi na saba yakabaki namba tupu.

Ikaundwa kamati. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kompyuta ya Mwajuma, saa na dakika. Mwajuma hakukataa. Akasema, "Nilifuta mimi, lakini nilimuuliza Mama Nyemo, akasema nifute." Nikaitwa. Nakumbuka walikuwa wanne, na katikati ya meza kuna chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, ni kweli alikuuliza?"

Nilikuwa nakumbuka kila kitu mpaka rangi ya kitenge. Nikasema, "Sikumbuki."

Nyemo, sikusema hapana. Nilijisifu hivyo kwa muda mrefu, kwamba sikusema uongo, nilisema sikumbuki tu. Nilikuwa nimefikiria cheo changu, nikakufikiria wewe ndiyo kwanza unaanza chuo, nikajiambia Mwajuma bado kijana, atapata pengine. Yeye alikuwa ameketi pembeni yangu. Hakunikasirikia. Aligeuka akaniangalia kwa mshangao, na hakuondoa macho mpaka waliponiruhusu kutoka. Ezra akaulizwa nani aliyetoa amri ya kuwafungulia wote kufuta. Akasema aliambiwa kwa mdomo, na jina hakulitaja. Tangu siku hiyo hanisalimii. Naye ana haki.

Mwajuma alifungasha meza yake Alhamisi moja. Sikwenda kumsaidia kubeba.

Ningeweza kukuambia hapo ndipo palipouma zaidi, lakini ningekudanganya, maana alikuja Bibi Mbeleje. Mtoto wake wa kiume ni mvuvi kule Mtera, na wakati makaburi yanahamishwa bibi alikuwa huko kwake, mgonjwa. Alipopona alirudi, akakuta barabara. Wakamwelekeza ofisini, ofisini wakamwelekeza masjala. Akasimama mlangoni na kiko chake mkononi, akasema, "Mbukwa," nami nikaitikia, nikamwamkia kwa adabu zote. Alitaka namba ya binti yake, Sechelela, aliyefariki na miaka saba.

Nikampeleka mwenyewe kule makaburini. Tulipofika akaniuliza, "Ndiwe mwenye kitabu?"

"Kitabu kimepotea, bibi."

"Kimepotea, au kimepotezwa?"

"Kimepotea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Wadogo wako wapi?"

Katika yale kumi na saba, makaburi mafupi yalikuwa sita. Akaenda kwenye la kwanza, akapiga magoti, akang'oa nyasi, akasafisha zege kwa ncha ya kaniki yake. Akaenda la pili. Yote sita, kwa mwendo ule ule, hakulipunja hata moja. Nilitaka kumsaidia, akaniambia, "Acha, wewe hujui." Jua lilikuwa kali na hakutaka maji. Alipomaliza akakaa chini katikati yao na kuanza kulia, na kilichonitesha ni kwamba hakujua ageukie upande gani.

Hayo sikukusimulia. Nilirudi nyumbani nikakupikia makande, na kesho yake ukarudi chuoni.

Najua wewe kazi hii utaijua kuliko mimi. Utakuta mambo ya nakala na vikundi vya watumiaji ambayo mimi siyawezi hata kuyataja. Siyaingilii. Nakueleza tu watakavyokuja kwako, kwa sababu hao nawajua. Hawatakuja kama wezi. Atakuja mtu mzima mwenye mvi, utamwamkia shikamoo, ataitika vizuri, halafu atakuambia binti yangu nifungulie hapa, ninasumbuka. Na wenzako watacheka, na utaona aibu, na chai watakunywa bila kukuita. Mimi nilidhani nachagua amani. Nilikuwa nachagua kupendwa, na wala sikupendwa, maana walionilazimisha hakuna hata mmoja aliyenikumbuka siku ya kamati. Mnyime mtu kwa adabu, mwanangu. Mpe kiti, mwite mzee, mfutie wewe hiyo barua yake kwa mkono wako baada ya kuiangalia, lakini ruhusa yenyewe usimpe.

Na wewe mwenyewe usiwe nayo kila siku. Mimi nilidhani hatari ni wengine. Ruhusa ya kufuta nilikuwa nayo halali, imeandikwa, na bado Ijumaa ile niliitumia kwa mdomo, macho yangu yakiwa kwenye vitenge.

Mtu akikuuliza "nifute?" simama. Hata kama umechoka, hata kama anakuuliza mara ya kumi, hata kama ni Ijumaa. Nenda mezani kwake ukaangalie. Sina hekima nyingine, ndiyo hii, na nimeinunua kwa shingo ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikuaga naenda msibani Kondoa. Hakukuwa na msiba. Nilikwenda Kolo. Mwajuma ana kibanda karibu na njia wanayopita wageni wanaokwenda kuona michoro ya mapangoni, anachapa barua za watu na kuuza madaftari. Alinipokea vizuri mno, maji ya kunawa, chai ya maziwa, akaniuliza habari zako kabla ya kitu kingine. Nikashindwa kunywa. Nikamwambia yote, nikamwambia nilikuwa nakumbuka. Nikamwomba anisamehe.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada, mimi hapa kijijini wananiita yule aliyepoteza makaburi. Mama yangu amekufa akiamini hivyo. Msamaha wa sebuleni nitaufanyia nini? Waliniondoa kwa karatasi. Niandikie karatasi, uipeleke kule kule."

Nikamwambia nitaandika, ila anipe muda, Nyemo aanze kwanza kazi, atulie.

Akanicheka, kicheko kikavu. "Siku ile ilikuwa Nyemo anaanza chuo. Leo Nyemo anaanza kazi. Kwani huyo Nyemo atakuwa mkubwa lini?"

Nilipanda gari nikarudi, nikakuletea karanga, ukala.

Karatasi nimeandika. Ni kurasa mbili, zimo kwenye pochi yangu, na nimesaini. Nimeeleza kwamba mimi ndiye niliyetaka wote wafunguliwe, kwamba Mwajuma aliniuliza mara mbili, kwamba nilisema futa, na kwamba mbele ya kamati nilikumbuka nikasema sikumbuki. Kesho nikishakupandisha basi pale Nanenane nitapitia ofisini, niikabidhi, nigongewe muhuri wa kupokelewa, na nakala naituma Kolo siku hiyo hiyo. Nimebakiza miezi kumi na tano kustaafu. Watakachonifanya sikijui. Inawezekana wakanifukuza, inawezekana wakaifungia kabatini wakaniambia mama nenda kapumzike, na hilo la pili naliogopa zaidi. Bibi Mbeleje haitamsaidia kitu. Majina hayarudi. Nitakwenda kumwambia, hata hivyo, kwamba kitabu kilipotezwa, na nani alikipoteza.

Huko kazini watu wa serikali wanajuana. Habari itafika. Siku moja mtu atakuuliza, wewe si mtoto wa yule mama wa Dodoma? Usimfokee. Mimi ni mama yako na hayo niliyafanya.

Mpango wangu ulikuwa barua hii niisokomeze kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini ya chaja, uje uikute basi likiwa limeshavuka Iringa. Nilijiambia nataka uisome kwa utulivu. Sivyo. Nilitaka nisiuone uso wako.

Geti limefunguliwa. Nasikia unamsalimia jirani, unacheka, nadhani shangazi amekufungia chakula maana unalalamika mikono imejaa. Sitaiweka kwenye begi. Nakupa mkononi sasa hivi, kaa hapo kwenye kochi uisome yote. Mimi nitasimama hapa mbele yako, sitakwenda jikoni, sitashika simu. Ukifika hapa, inua kichwa uniangalie, halafu sema chochote kitakachokujia.

Mama yako.